Mashine ya Kugonga Baina ya Baba na Ami Marhoun

Al Qabil,
Sharqiyah, Oman.
Alkhamisi, 23 Januari 2025

Mpendwa Shangazi yangu Bi Kuruthum,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi zikukute umekaa vizuri na mto mgongoni. U hali gani? Vipi magoti? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mwanamvita imesaidia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mwenyezi Mungu akupe afya na akuzidishie. Sisi huku miili mizima, alhamdulillah. Vichwa ndivyo sina hakika navyo, na changu cha kwanza.

Baridi imeshika mwaka huu. Baba anavaa koti juu ya kanzu na bado ananung'unika kama kwamba baridi nimeileta mimi. Watu wameanza kuchavusha mitende, basi tangu asubuhi kuna mtu juu ya mti na mwengine chini anampigia kelele.

Najua unachokingoja. Kila anayekuja huku unampa salamu aniulize kama kaka zako wamesemezana au bado. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza tu hupandwa na hasira nikakata, na wewe si mtu wa kukatiwa simu. Soma taratibu.

Kiapo cha Baba unakijua. Aliapa mbele ya watu, tena kwenye matanga, kwamba mdomo wake hautamsemesha Ami Marhoun wala mguu wake hautakanyaga kwake, na yote kisa zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Maji yenyewe yalikauka kiangazi kile kile. Mashekhe wamemwambia njia ya kujitoa ipo, tena nyepesi, hataki kusikia. Anasema anayejitoa ni aliyekosa, naye hakukosa.

Na sasa Ami moyo umemchoka, na madaktari wakapanga kumpasua Maskati Jumapili hii. Mtu wa umri ule akiingia chumba kile, kutoka ni kwa Mungu. Mie na Fakhriya, binti yake, tukaona haiwezekani aende hivi hivi na baina ya nyumba zao ni mitende tu. Lakini tufanyeje? Barua haifai, Ami sukari imekwisha kula macho yake. Simu haifai, Baba masikio yamekwenda. Na kusomewa au kupelekewa maneno na mtu wa tatu hawataki wote wawili. Mambo yao ati hayapitii kwa watoto. Mtoto ndiye mie, Shangazi, mwenye mvi.

Ndipo siku moja, tuko kwenye chai, Baba akasema mwenyewe kwamba aliapia mdomo na mguu, mkono hakuuapia, na lau wangekuwa na mashine zao kama walipokuwa ofisi ya simu Unguja, angemgongea herufi kwa herufi akamwambia yanayomkaa rohoni. Sikumaliza chai yangu. Siku ile ile nikakupigia uitoe ile mashine ya telegrafu waliyojifunzia ujanani, na wewe ukampa Ngwali aje nayo. Mungu akulipe. Ami akaulizwa, akasema akigongewa atajibu. Yeye masikio yake mazima, nikamfungia kengele ndogo ya maabara ya shule, inalia, inamtosha, na kibonyezo cha kujibia. Baba hasikii kengele. Baba anataka mashine yake, igonge kwa nguvu ubaoni, aweke vidole juu ya ubao aisome kwa vidole.

Nikaona kazi ya siku moja. Miaka yote hii nafundisha fizikia Ibra, kila mwaka nawachorea wasichana ubaoni: waya umezungushwa kwenye chuma, umeme ukipita chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kigongeo chini, tak, umeme ukikatika kigongeo kinarudi juu. Kuchora ni rahisi sana, Shangazi. Nimeuona ujinga wangu mwaka huu.

Wa kwanza kuniharibia ni Fakhriya. Aliiona mashine imefubaa, akaona aibu wazee wapewe kitu kichafu namna ile. Akaipaka ukwaju na majivu, akaisugua kama tunavyosugua mabirika ya sikukuu. Ilipofika kwangu inang'ara, unajiona sura. Na ule uzi wa hariri uliovishwa waya, ambao ndio unaozuia umeme usiruke kutoka mzunguko hadi mzunguko, kaumenya wote. Nikamwuliza, akaniambia alidhani ni utando wa buibui. Niliichukua mashine nikaondoka, maana ningesema kitu.

Basi nikaufumua waya wote, nikazungusha mwengine, mnene, wenye rangi yake ya kuukinga. Vidole vimenichubuka. Na kigongeo nacho kutu ilikwisha kukila, nikaenda Nizwa kwa fundi mmoja anayesifiwa mikono yake. Nikampa kile cha zamani, nikamwambia nataka kama hiki, ni cha baba yangu. Hilo neno la baba ndilo lililoniponza. Niliporudi kukichukua, kanitengenezea cha fedha safi, kina nakshi pembeni kama ya ala ya jambia. Kasema kitu cha mzazi hakitengenezwi kwa chuma. Ni kizuri, wallahi sijapata kuona kizuri vile, na sumaku haikitingishi hata unywele. Fedha haivutwi na sumaku, mtoto wa darasa la nne analijua hilo, na mie mwalimu nilisahau kulisema. Nimerudi Nizwa hadi huku nasema peke yangu garini.

Nikapata cha chuma kwa fundi wa kuchomea, pale Al Kamil kwenye barabara ya Sur. Alikikata kwenye springi ya lori. Mezani kikagonga, nikafurahi. Nikavuta waya kupitia mitendeni mpaka kwa Ami, nikarudi, kimya. Umeme unachoka njiani, na waya ule mnene niliouzungusha unataka umeme mwingi ndipo uvute. Kwa hiyo nikafumua tena, nikazungusha mwembamba, mizunguko mingi mno, niliacha kuhesabu, kwa sababu mwembamba ukizungushwa mara nyingi unavuta hata kwa umeme kidogo. Baba yuko kitini ananitazama. Ananiambia mafundi wa zamani walikuwa na haraka zaidi.

Sasa kikavutwa. Kikavutwa na hakikuachia. Kimegonga mara moja, kimenata, nakikwanyua kwa kucha. Chuma cha springi kigumu, kikishakuwa sumaku kinakumbuka, hakisahau upesi. Nilimtazama Baba, nikatazama kile chuma, nikasema haya, nimezungukwa.

Kinachotakiwa ni chuma laini, na chuma hulainishwa kwa kuchomwa mpaka kiive chekundu, kisha kipoe polepole sana. Tanuri la chuma sina, lakini tuna shimo la shuwa uani, lile la kufukia nyama ya sikukuu ikaiva kwa makaa. Nikachukua kipande cha nondo ya dirisha la nyumba ya zamani, nikakipeleka kwa yule yule wa Al Kamil akakigonga umbo lake. Nikawasha kuni za msamuri shimoni, zilipokuwa makaa nikakifukia humo nikafunika na mchanga, kama mtu anayezika mbuzi wake wa Idi. Kilichofuata unaweza kukisia. Moshi wa shuwa, si Idi wala harusi. Jirani akaja na bega la mbuzi limepakwa viungo, limefungwa kwenye majani ya mgomba, anauliza kama nafasi ipo. Akaja mwengine. Mwengine akaleta nyama ya ngamia. Nikimwambia mtu nimepika chuma anacheka, anadhani namficha mwaliko. Mwisho nimewatilia nyama zao zote, na kipande changu katikati.

Kesho yake tulipofukua, nyama imeiva, na chuma kimelainika. Nikakifunga, nikabandika kikaratasi chembamba kwenye sumaku kisipate kunata, nikabonyeza. Tak. Nikaachia, kikaruka juu. Tak, tak, tak, ubao mzima unatikisika. Nililia, Shangazi, kwa uchovu.

Hiyo ni Jumanne. Nikamkalisha Baba mezani, Fakhriya akamkalisha Ami kule. Unadhani ilikuwaje? Baba kakunja mikono. Aanze Marhoun, anasema, Marhoun ndiye mdogo. Nikampigia Fakhriya, na Ami naye kanuna, anasema aanze aliyeapa. Chai ikapoa pande zote mbili. Nilikwenda jikoni nikachukua mkasi, na najua utanilaumu, lakini nilikwenda nao mpaka kwenye waya. Nimesimama pale mitendeni namwambia Mwenyezi Mungu yote yaliyomo moyoni kuhusu kaka zako, na ndipo nikasikia ubao nyumbani unagonga.

Ami ndiye aliyeanza. Nilipoingia Baba kainama, vidole vyake vyote kumi juu ya ubao, haniangalii. Akajibu. Mkono wake ulianza polepole, halafu ukaenda mbio kama wa kijana. Waligongana mpaka magharibi. Nilipomwandikia kumwuliza wamesema nini, kaniambia Marhoun anamlaumu mkono wake umekuwa mzito na anameza herufi. Nikaandika, hayo tu? Akasema hayo yanakutosha wewe.

Nikasema sawa, kesho wataendelea, wanazo siku mpaka Jumapili. Jana kabla ya adhuhuri Ami alizidiwa. Gari ya wagonjwa ikamchukua moja kwa moja Maskati, na Fakhriya akaenda naye na nguo alizokuwa nazo mwilini. Madaktari hawatangoja Jumapili, wanasema kesho Ijumaa asubuhi.

Baba nilimwandikia kwenye karatasi. Kasoma, kaikunja, kaitia mfukoni. Leo baada ya alfajiri nimemkuta mezani, vidole juu ya ubao, na anajua vizuri kwamba upande wa pili hakuna mtu. Akaniuliza kama waya ule unaweza kuvutwa mpaka Maskati. Nikamtikisia kichwa. Akauliza, hata nikiizidishia sumaku nguvu, nikazungusha waya mwembamba zaidi? Nikamtikisia kichwa. Akaondoa vidole ubaoni, akaniuliza kafara ya kiapo ni kulisha masikini wangapi.

Nikamwonyesha vidole vyangu, vyote. Akasema basi wapikie sasa hivi, unangoja nini.

Shangazi, nimechoka, na nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Chungu kile kingeweza kuwekwa motoni miaka hii yote. Nimepika wali na kuku huku nafuta macho, na wafanyakazi wa mashamba wamekula, wamemwombea dua. Nakuandikia mezani, nywele zangu zinanuka moshi.

Tuombee. Mwombee Ami aamke, na umwombee Baba afike kabla Ami hajaingizwa chumba cha kupasuliwa, kwani amesema anataka kumsemea sikioni mwenyewe. Msalimie sana Ngwali, mwambie nyama ya ngamia ilimfaidisha jirani si yeye. Msalimie Mwanamvita na wote wa nyumbani. Binti yangu Lamees anakubusu mikono. Mola akuhifadhi, akuweke tuje tukuone sote, na wao wawili wakiwa pamoja.

Nilitaka kuandika zaidi lakini haiwezekani. Baba keshavaa kilemba, yuko garini tangu sijamaliza kuosha vyungu, anapiga honi. Yeye mwenyewe haisikii. Mtaa mzima unaisikia.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Samah binti Muhanna