Chembe Nyeupe Mbele ya Wakwe

Francisca, acha unachofanya usome hii. Niko jikoni kwetu Ngara, nacheka peke yangu.

Kina Novatus wamefika kutoka Nyamigogo kuleta posa. Nikaitwa, nikapiga magoti, nikawaamkia wote. Ndipo shangazi yake, yule Ildefonsa mwenye sauti, akauliza chuoni nasomea nini hasa.

Nikamweleza. Tunachukua chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, tunazipiga mawimbi ya milimita, kama yale ya redio ila mafupi zaidi, hafifu kabisa.

"Kwa hiyo unazipika?"

Hapana shangazi, hata joto hazipati.

"Sasa zinapata nini?"

Baba kanikazia macho. Wiki nzima alikuwa ananifundisha nijibu kisomi, wajue kasomesha mtu.

Nikasema, shangazi, kuna siku zinachangamka, kuna siku wala hazijali. Kwa kweli bado hatujui.

Hatujui. Mbele ya wakwe. Ada yote ile, halafu hatujui. Baba akafumba macho. Nikajua posa imekwenda na maji.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Novatus, huyu oa. Mke wa kaka yako anajua kila kitu, na nyumba ile hailaliki."

Mshenga kacheka mpaka kamwaga pombe yake ya rubisi. Baba ndiye kacheka kuliko wote.

Nimeposwa, Fra. Nimeposwa kwa hatujui.

Sasa hivi shangazi kanifuata huku jikoni, anataka nimletee hayo mawimbi ya kutibu goti lake. Nikamwambia, shangazi, nimesema hatujui.

Kasema nilete hivyo hivyo.