Fundi Kisigino na Mwanawe

Tarehe 9 Februari

Dada,

Shikamoo. Ukitaka itikia, usipotaka acha. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao sasa unalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hapa ghalani tunapakua magunia kutwa, na mnyapara hana habari na mgongo wa mtu. Watoto wako natumaini hawajambo.

Picha ya mazishi ya Baba imefika. Sikuangalia watu. Niliangalia nyuma yao, juu ya mlango wa karakana, ubao wa Baba. Nilipoondoka uliandikwa FUNDI KISIGINO NA WANAWE. Sasa umeandikwa FUNDI KISIGINO NA MWANAWE. Nimeusoma na kuurudia hadi wenzangu chumbani wakadhani nimetumiwa picha ya mchumba.

Basi mzee alijua. Mtoto wa kiume ni mmoja, na wewe uliolewa ukahesabiwa huko. Mkataba wangu unaisha Juni na sitauongeza, mwili umekataa. Sina pengine pa kwenda. Nakuja kushika kazi ya magodoro. Anza kutoa vitu vyako mapema, tusije tukavunjiana heshima mbele ya wateja.

Umeandika nyuma ya picha kwamba mji mzima ulimlilia. Mji haukulelewa naye. Ile siku alipopanda juu ya godoro nililolijaza mimi, pekupeku, kafumba macho, kama alivyokuwa akiyapima yote, akakuta donge chini ya kisigino, alifanya nini? Alilipasua kwa mkasi mbele ya mteja, pamba ikatapakaa hadi barabarani, akaniambia niiokote kwa mdomo kama kuku. Niliiokota kwa mikono, kisha nikaondoka. Hilo nalo ungeliandika nyuma ya picha.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia kwa adabu yangu, si kwa yako. Watoto wazima. Pole na mgongo. Wangu nao umeinama juu ya magodoro tangu ulipoondoka, ila wangu hauandikiwi barua.

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Eti unakuja kushika kazi! Wewe uliyeondoka hujui hata kushona kona? Niliolewa, ndiyo. Nikarudi na mtoto mkononi na mwingine mgongoni, na aliyenifungulia mlango ni Baba, akanipa sindano kabla hajanipa maji. Na mwana ni mtoto, bwana mkubwa, hata akiwa wa kike. Mwanawe ni mimi.

Lile godoro husemi lilikuwa la nani. Lilikuwa la yule mama aliyepooza, wa nyuma ya soko, mgongo wote vidonda. Donge lako lingemla nyama. Aliyesimama pale ni mumewe, amekuja kulichukua. Baba alishona jingine siku ileile, chakula chake kikapoa hapo pembeni hadi nikakimwaga. Mdomo wake ulikuwa mchafu, sikatai. Mkono wake haukuwa.

Usije. Kwenye kitanda chako nimepanga marobota ya pamba.

Dada yako


Tarehe 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Afya yangu si ya kusimulia. Juzi nimeshuka kwenye lori kwa kubebwa, kama mmoja wa mizigo.

Habari ya mama aliyepooza sikuijua. Baba hakuniambia, na wewe uliyekuwa umekaa palepale unachambua pamba hukuniambia. Mtu anaambiwa kwanza, ndipo anatukanwa.

Lakini sikuandikii hilo. Nimeichukua ile picha nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Hiyo M si ya mchoraji wa ubao. Herufi zake zimesimama wima, za heshima. M imebanwa hapo mbele ya WANAWE kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni, na miguu kaitanua. M hiyo naijua. Ndivyo ulivyoandika MALI YA kwenye mifuko yetu ya shule. Madarasa yangu ni machache, ila macho ninayo.

Na Baba hakujua kuandika hata jina lake. Ni wewe uliyepanda ukanitoa. Kuna watu wanaiba kuku, wewe umeiba baba. Nikifika nitakuuliza mbele ya mtaa mzima, na ukiwa na cha kujibu, kiandae.

Mdogo wako


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wanakohoa kidogo, vumbi la pamba. Mimi mzima.

M ni yangu. Sijaificha, iko juu ya mlango.

Sasa sikiliza usilolijua. Wiki ile ulipoondoka, Baba aliazima ngazi kwa jirani mchomeleaji, na rangi nyeusi iliyobaki kwenye kupaka lori. Akaniambia, "Panda. Futa hilo neno la mwisho."

Nikamuuliza, "Lote?"

"Lote. Yule kakimbia, na wewe ulishaondoka mara moja, kesho utaondoka tena. Nibaki Kisigino peke yangu, basi, tumalizane."

Mimi niko juu, brashi mkononi. Yeye chini, kashika ngazi. Sikufuta. Niliongeza M.

"Sasa panasomekaje?" akauliza. Nikamsomea kama palivyo.

"Mwana yupi?"

"Atakayebaki."

Akaitikisa ngazi, jeuri yule, nikajua leo naanguka. Kisha akasema, "Shuka, kuna pamba ya kuchambua." Hakuuzungumzia ubao tena mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo usiniite mwizi. Nilichokishika nilikitoa mikononi mwa mtu aliyekuwa anakitupa. Na neno nililompa ndilo hilohilo nakupa wewe. Atakayebaki. Wewe hukubaki.

Dada yako


Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kimya, au usiniwie. Watoto nadhani kifua kimetulia. Mkataba umeisha. Mnyapara aliniletea mwingine nitie dole gumba. Sikutia.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini ya kitanda, nikaiokota, nikaitupa tena. Miaka yote hii nilijua nimefutwa moyoni mwa Baba. Nilibeba hilo pamoja na magunia. Lakini nilijua nimefutwa peke yangu, na wewe umebaki ndani unakula. Kumbe alisema lote. Kumbe alitufuta sote wawili, tena wewe ukiwa umesimama juu ya ngazi aliyoishika yeye. Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

Usifurahi. Bado nina hasira na wewe, tena zaidi. Brashi ulikuwa nayo wewe. Ungeuacha ubao kama ulivyo, ukashuka, ukamwambia, "Nimefuta, Baba." Hakujua kusoma! Ungemdanganya. Ilimpasa mzee yule adanganywe walau mara moja, na ubao ungebaki na sote. Wewe ukaona bora ujiokoe wewe.

Nafika Jumapili ya mwisho ya Julai. Sitakuambia tena utoe vitu vyako. Kushona kona nitajifunza, unifundishe au usinifundishe. Marobota nitayasogeza mwenyewe, kwa mgongo huuhuu. Lakini kabla sijavuka kizingiti nitapanda niifute hiyo M, pasomeke palivyokuwa pakisomeka. Nakuja na kitambaa na mafuta ya taa. Ukitaka kunizuia, ficha ngazi.

Mdogo wako


Tarehe 13 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wamepona.

Mafuta ya taa hayataitoa. Ile ni rangi ya lori. Njoo na msasa, ule wa punje kubwa.

Ngazi iko kwa mchomeleaji, kaombe mwenyewe. Na utafute mtu wa kukushikia, mimi siku hiyo nina magodoro ya bweni la wasichana na sina mkono wa ziada. Utasugua sana, na najua utatukana, sauti yako nitaisikia humo ndani.

Ila usugue taratibu. Ukiigusa hiyo W, nitakushusha kwa nguo.

Dada yako