Simu ya Nusu Fainali

Mdogo wangu,

Mchujo umeanza tena huko Marekani, na tangu unifundishe mpira wao ule wa kubeba mkononi, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, huu ndio mwaka wa kwanza ambao sijatazama hata mechi moja. Ungecheka. Ungewaambia watu dada yako Siz amehamia kriketi. Sijahamia popote. Kazini, kwenye makao ya kutunza wazee, wanapowashiwa televisheni na mechi ikatokea, ninageuza uso na kuendelea kuwalisha uji.

Nakuandikia hadharani kwa sababu watu wanadhani nimeuchoka mpira tu. Kanisani wananiuliza, "Timu yako iko aje mwaka huu?" Najibu, iko tu. Kosa ni lako. Wewe ndiye uliyeitangazia Bankstown nzima, hapa Australia, kwamba dada yako, nesi mwenye heshima zake, anawapigia kelele wanaume waliovaa suruali za kubana.

Unakumbuka nilivyoudharau mwanzoni? Ulikuja kutoka chuoni Kensington na mfuko wa nguo chafu za wiki mbili, ukazitia kwenye mashine yangu, ukawasha televisheni bila kuomba ruhusa. Nikakuuliza mbona hawa wanacheza sekunde tano halafu wanaitisha mkutano. Ukatandaza unga wa chapati mezani, ukachora mistari kwa kidole. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu, inapewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. "Ni kusukuma gari kwa matope tu, Siz," ukasema, "na kuna watu upande ule mwingine wanalisukuma lirudi." Chapati za siku hiyo zilikuwa ngumu, lakini mchezo niliuelewa.

Tukaanza kubishana, na tulibishana miaka yote iliyofuata. Wewe ulikuwa mtu wa timu za vyuo vikuu vyao. Uliwaona wale vijana kama wenzako, tena wengine ni watoto wa hapa hapa Australia waliochukuliwa kwa ufundi wa kupiga teke tu. Mimi mchujo wa vyuo sikuupenda na siupendi hadi leo. Watu wachache wanajifungia chumbani wanaamua nani aingie na nani abaki nje, utadhani kamati ya harusi inapanga nani akae meza ya mbele. Timu imeshinda karibu kila mechi, halafu inaambiwa wapinzani wake walikuwa dhaifu. Walipopanua zikawa timu kumi na mbili ulirukaruka sebuleni kwangu, ukasema sasa kila mtu ana nafasi yake. Nikakwambia huyo wa kumi na tatu atalia vilevile. Ukaninunia mpaka chakula kilipoiva.

Kwenye ligi ya wanaolipwa angalau hakuna kamati, ingawa nako kuna uonevu wake. Timu inaongoza kundi la wanyonge, inapewa uwanja wa nyumbani, na iliyoshinda mechi nyingi kuliko yenyewe ndiyo inafunga safari. Ila kilichonitesa zaidi ni kwamba hakuna marudiano. Sisi tulilelewa na kandanda ya nyumbani na ugenini. Ukifungwa leo, unajipanga, kuna wiki ijayo. Hawa wanasota miezi mitano, kisha alasiri moja mpira unamponyoka mtu mmoja, na wote wanafungasha. Nilisema ni ukatili. Wewe ulisema hapo ndipo penye utamu.

Na sisi tuliupata utamu huo kwa sheria zetu, maana Jumapili yao ni Jumatatu yetu. Wakiwa uwanjani, mimi niko zamu naogesha wazee, na wewe umelala kwa kuwa Januari chuo kimefungwa. Hivyo tulikubaliana: Jumatatu ya mchujo simu zinazimwa asubuhi, mechi inarekodiwa, jioni unakuja kwangu, tunakula na kutazama pamoja. Mpaka hapo hakuna anayeruhusiwa kujua. Kuvujisha matokeo ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote.

Na wewe ulikuwa mtenda dhambi sugu. Mwaka mmoja nilichelewa kuizima, ukanipigia wakati wa chai, nikapokea nikidhani kuna jambo nyumbani. Ukaangua kilio: "Siz, tumekufa! Manze, tumekufa kabisa!" Nilipoelewa ni timu imefungwa nilikukatia simu, na sikusema nawe siku nne. Siku ya tano ukaja na sahani ya baklava, vile vikeki vya asali, kutoka kwa Walebanoni wa karibu na stesheni, ukaapa kwa jina la Mama kwamba hutarudia.

Basi ikafika Jumatatu ile. Ilikuwa nusu fainali, na timu yetu, ambayo sitaitaja hapa watu wasinicheke, ilianza kucheza saa moja asubuhi yetu. Nilikuwa nimesahau kuzima simu. Saa nne, wakati wa chai, nikaitoa mfukoni niizime, ikaanza kuita mkononi mwangu. Lilikuwa jina lako. Nilicheka, mdogo wangu. Nilimwonyesha mwenzangu wa zamu nikamwambia, "He's at it again, huyu mjinga." Ikakatika, ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu niliizima kabisa, nikaenda kubadilisha mashuka chumba cha sita.

Nilipaswa kujua. Tangu ukiwa na miaka mitano, pumu ikikubana, ni mimi niliyekukalisha wima na kukuhesabia pumzi huku Mama akihangaika na maji ya moto. Hata ulipokuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, ulinipigia mimi kwanza ndipo ukatafuta dawa. Nilikukemea mara ngapi uite ambulensi? Ukanijibu, "Si wewe ndio ambulance yangu, Siz?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naona raha kuambiwa hivyo.

Nilirudi nyumbani saa kumi. Nikakanda unga, nikakaanga kuku, nikaweka mechi tayari. Simu niliiacha imezimwa, maana sheria ni sheria. Ulipochelewa nikakasirika. Nikajisemea umeshajua matokeo na unaogopa kuniangalia usoni, nikapanga na maneno ya kukupa ukifika. Jua la Januari lilikuwa bado halijazama mlango ulipogongwa. Alikuwa yule Mrundi uliyepanga naye nyumba, aliyewahi kuja kula kwangu. Alikuwa amepanda treni mpaka Bankstown kwa sababu simu yangu haikupatikana siku nzima.

"Dada, pole sana," akasema. "Nilitoka job nikamukuta chini, pembeni ya kitanda, simu iko mu mkono. Ambulance ilikuja, mais it was too late."

Kuku alikuwa bado wa moto.

Niliwasha simu usiku ule na kukuta umeniachia ujumbe wa sauti, sekunde kumi na tisa. Sikuusikiliza. Nimekaa nao mwaka mzima. Mimi ni nesi, pumzi ya mtu anayeondoka naijua, si hiyo iliyonitisha. Niliogopa kwamba umenilaumu, na kwamba ungekuwa na haki.

Wananiambia muda utaponya. Mimi nimekufa moyo na sioni kinachopona. Naamka, naoga, napanda basi, nawageuza wazee kitandani wasipate vidonda, narudi. Kuna bibi mmoja kazini amesahau majina ya watoto wake wote, na kuna asubuhi namwonea wivu. Nikisikia simu ya mtu ikiita mara tatu bila kupokelewa, hata dukani, inabidi nitoke nje. Nilidhani ukatili wa kukosa marudiano ni jambo la uwanjani.

Halafu kuna Mama. Kila Jumapili amenipigia kutoka Kakamega na swali lile lile: "Mtoto wangu alisema nini mwisho?" Kila Jumapili nimemjibu, "Hakusema kitu, Mama. Alilala tu." Nimemdanganya mwaka mzima mwanamke aliyetuzaa, na nadhani alijua. Jumapili iliyopita hakuuliza. Alisema, "Jumamosi ni ibada ya ukumbusho wake. Kama uko na sauti yake mahali popote, hata kama anakohoa tu, nitumie. Mimi ni mzee, nimeanza kuisahau."

Nikamwambia nitatafuta. Nikajua siwezi tena kumnyima, na siwezi kumpa kitu ambacho sijakisikia.

Jana niliusikiliza ule ujumbe wako, nimesimama jikoni na viatu vya kazini. Kwanza ni kifua chako, kile kifilimbi chake. Kisha wewe, neno na pumzi, neno na pumzi: "Siz, shika simu. Si matokeo. Naapa... hata sijaangalia. Shika tu, Siz."

Hakuna kingine. Hukunilaumu. Ulijua kabisa kwa nini sipokei, na pumzi chache ulizobakiwa nazo ulizitumia kujitetea kwangu juu ya mpira. Ningependa zaidi ungenitukana.

Nilimtumia Mama ujumbe huo kama ulivyo. Baada ya dakika chache akapiga. Hakuwa analia. Aliuliza swali moja tu: "Matokeo gani?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza sheria yetu, kilio chako cha mpira cha mwaka ule, kiapo ulichoapa kwa jina lake, simu kuita mara tatu. Sikuficha hata kwamba nilicheka. Nikasikia kuku wake wakilia uani, nikajua bado yuko. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba.

Kisha akasema, "Na hiyo timu yenu, ilishinda?"

Sikujua. Mechi ile sikuitazama, na mwaka mzima nimewakimbia watu ambao wangeniambia. Nilimwomba asikate, nikayatafuta matokeo.

"Ilishinda, Mama."

"Basi mwambie," akasema. "Alienda kama hajajua."

Nimekaa mezani tangu asubuhi nikilitafuta neno la kuanzia, na yote niliyoandika hapa juu ni kuchelewesha tu, kwa sababu nikishakwambia hakutabaki kitu chochote ambacho mimi na wewe tulikuwa bado tunakisubiri.

Tulishinda, mdogo wangu. Kwa pointi tatu.

Siz wako