Neno la Kumwambia Saidi

Kibiti, Jumanne, baada ya magharibi

Hilo "disklosha" la Kiingereza limenisumbua kutwa. Daktari wa kituo alinipa mimi, karani wake, karatasi ya semina niitafsiri. Nikaandika "kufichua". Nesi Mwanahawa akaisoma, akatikisa kichwa.

"Anayefichuliwa ni mwizi, mwanangu. Mgonjwa anasema mwenyewe, kwa hiari yake."

Nikafuta, nikaandika "kujieleza kwa hiari". Neno lenyewe lilinigusa mimi, maana naolewa Ijumaa ya wiki ijayo na Saidi alikuwa hajui kwamba nina kifafa. Mama alisema ninyamaze mpaka ndoa ipite.

Jioni nilimfuata Saidi sokoni, kwenye meza yake ya mitumba. Nikamwambia yote, hata vidonge ninavyomeza. Alilikunja shati alilokuwa ameshika, akalikunjua tena.

"Ukianguka, nifanye nini?"

Nikamweleza anilaze kwa ubavu, asinitie kitu kinywani. Akaniomba nirudie, asije akakosea.

Sijui mama yake atasemaje. Kesho tunakwenda kwake Dimani, sote wawili. Saidi kasema atakaa upande wangu wa mkeka.