Vidato Vitatu vya Mlangoni

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la chaki. Mgongo unaendeleaje? Usinidanganye kama mara ya mwisho.

Baba, mwaka huu nafundisha ufundi wako wa useremala, ila kwa daftari. Wanafunzi wanatafuta shida ya hapa shuleni, wanauliza, wanachora, wanatengeneza mfano, wanaujaribu, wakikosea wanarudia. Usicheke. Darasa limechagua shida ya msichana anayetembea kwa magongo. Wenzake wanamwita Kimya, maana siku nzima hatoi neno. Kila asubuhi anapanda vidato vitatu vya mlangoni akishika ukuta, mpaka roho inaniuma. Tutamjengea mteremko wa zege. Meza yangu imejaa mifano ya maboksi, na mwalimu mkuu ameshaita wageni waje kuuzindua mwisho wa mwezi. Sijawahi kuipenda kazi hii hivi.

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini bado unanibeba. Nimecheka, ndiyo. Ulikimbia randa yangu kwa sababu ya vumbi, leo unakula chaki!

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mmechora, mmepima, mmekata maboksi. Binti mwenyewe amesemaje? Usiniambie ni mkimya. Mteja mkimya ndiye wa kuogopwa. Na huo mteremko mtaujaribu na nini?

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua yako ilifika siku moja baada ya wageni kuondoka.

Tuliujaribu kwa toroli la matofali. Lilipanda vizuri, tukapiga makofi. Kisha tukaupiga msasa mpaka ukang'aa, kwa ajili ya wageni. Kimya alipanda hatua nne mbele ya shule nzima, gongo likateleza, akaanguka. Goti tu ndilo lililoumia. Lakini wengine walicheka, Baba, na tangu siku hiyo hajarudi.

Karatasi ya kwanza ya mradi ina swali: "Mwenye shida anasemaje?" Nimeitazama leo. Jibu lake limeandikwa kwa mwandiko wangu.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Pole, mama. Mimi sijambo. Nenda kwao. Usiende kuomba radhi tu, nenda ukaulize.

Unaikumbuka rafu ya jikoni? Nilimtengenezea mama yako, nikaipima kwa urefu wangu. Alipanda kigoda kuifikia mpaka siku alipofariki. Mimi nilidhani anakipenda kile kigoda.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Afya ipo, namshukuru Mungu kwa hiyo tu.

Nilikwenda. Mama yake alinipa kiti, nikamuuliza binti, naye akasema:

"Mwalimu, vidato sikuwahi kuvilalamikia. Ukuta upo, nashika. Shida yangu ni choo. Mlango mwembamba, magongo hayapiti. Ndiyo maana asubuhi sinywi maji, hata mchana sinywi."

Miaka miwili, Baba! Anakaa mbele ya meza yangu, na mimi namgombeza kwa kusinzia, kumbe ni kiu. Nililia njia nzima.

Niliwasimulia wanafunzi, hakuna aliyecheka safari hii. Tulimwita mwashi akabomoa ukuta wa choo, wao wakapima fremu. Waliazima magongo zahanati, kila mmoja akaingia na kutoka nayo, na bawaba wakazihamisha mara tatu. Kazi ilichukua wiki mbili. Ijumaa nilikwenda mbio kwao kumwambia. Nyumba ina kufuli. Jirani akasema binti amepelekwa kwa shangazi yake, mbali, akajifunze kushona. Shule basi.

Mlango una upana wa sentimita tisini, unafunguka kwa kidole kimoja. Wanafunzi wananiuliza kama mradi umekwisha, niwape alama. Alama bado sijaandika. Asubuhi nikiita majina, lake naliita pia.

Baba, ile rafu ya Mama ishushe. Najua hayupo. Ishushe tu.

Mwanao