Ukuta wa Jiko Tulioupaka Chokaa

Wewe uliyeshika ukurasa huu, usijifanye hujaona. Ulivuka mto kwa kamba ya mama yetu. Wengine mlivuka mkiwa bado matumboni mwa mama zenu. Leo mkipita kivukoni mnainama msikutane na macho yetu, eti mnafunga viatu.

Mama, umetimia mwaka tangu mikono yako iiachie ile kamba. Miaka arobaini na mmoja uliivuta, mtumbwi ukienda na kurudi, na abiria aliyeanza kulalamika ulimkata kauli: "Shika kamba, maneno baadaye!"

Tunakumbuka ulivyocheka kabla utani haujaisha. Tunakumbuka kwamba hukumwacha mgonjwa ng'ambo hata siku moja, mto uwe umefura namna gani.

Na tunakumbuka ukuta wa jiko. Kila mafuriko yalipopungua ulichukua msumari wa inchi sita, ukachora mstari pale maji yalipofika. Kusoma hukujua, kwa hiyo kando ya mstari uliweka alama ya kila nyumba uliyoivusha: mkasi wa fundi cherehani, chungu cha mfinyanzi, jembe lenye mpini mfupi la yule jirani mbishi. Mstari wa kwanza kabisa aliuchora bibi, mama yako. Hiyo ndiyo historia ya kijiji chetu, na haimo katika kabati la ofisi yoyote.

Nasi tukafanya nini? Siku ya msiba tuliona aibu wageni wakute ukuta umechorwachorwa. Tukaupaka chokaa, tena mara mbili! Utusamehe, Mama.

Kisha wakaja wapimaji na ramani yao. Ukingo wote wameuandika "eneo tupu", uzungushiwe uzio. Tukawaambia tumezaliwa hapa. Mkubwa wao akajibu bila hata kushuka garini: "Nyie mmehamia juzi tu. Nionyesheni kitu, siyo hadithi." Wanarudi Jumatano.

Sasa sikia, Mama! Wiki iliyopita kitindamimba wako alikuwa anasugua masizi jikoni, kipande cha chokaa kikabanduka. Akapiga ukelele hadi kuku wakatawanyika: "Dada! Dada, njoo uone! Mkasi!"

Mchoro wa msumari wako ulikuwa umezama ndani ya tofali. Chokaa ilikufunika tu, haikukufuta! Tukamwita fundi cherehani. Akaja mbio, mzee yule, kofia mkononi, akaupapasa ule mkasi kwa kidole.

"Huyu ni mimi! Cherehani yangu ilivushwa kwanza, mimi nikaachwa juu ya paa!"

"Kwa nini, baba?"

"Mama yenu alisema cherehani haiwezi kupiga kelele ikizama. Mimi naweza."

Tukacheka, tukalia, tukashika vijiko kukwangua chokaa. Hadi jana mistari tisa imetoka. Tunajua ipo kumi na saba, tumekua tukiihesabu. Ule wa bibi bado haujaonekana, na huo ndio utakaowafunga wapimaji midomo.

Wanaokukumbuka ni mume wako, mchongaji wa mitumbwi, ambaye hadi leo anaacha nafasi yako kwenye benchi. Dada yako mkunga. Wanao wanne, wakwe zako, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu ambaye hukumwona. Hututoki moyoni, Mama, na hatukufuniki tena.

Na wewe msomaji, bado tunakutazama. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, jikoni kwa Mama. Alama ya nyumba yenu imo kwenye ule ukuta. Njoo na kijiko cha zamani. Nyundo iache, tofali zimechoka. Mlete na mzee wako aliyevushwa, Jumatano asimame mbele ya wapimaji, aweke kidole kwenye alama yake. Usiulize nani mwingine anakuja. Shika kijiko, maneno baadaye!