Plau ya Magurudumu na Shamba la Ng'ambo ya Mfereji

Mtaa wa Stendi,
Igawa, Mbarali,
MBEYA.
26 Januari 2025.

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua hapo umeshaanza kunung'unika kwamba mume gani anamwamkia mkewe shikamoo. Itikia tu. Miguu inaendeleaje? Bado unakandwa kwa maji ya chumvi, au Shangazi ameshachoka na kelele zako? Huku sisi tupo. Mama kifua kilimbana wiki iliyopita, sasa kimeachia kidogo. Mimi nimekonda, ila uzuri umebaki.

Gloria, wewe unayesoma, soma kila neno. Nakujua, binamu, tangu uingie chuo hapo Iringa una tabia ya kufupisha maneno ya watu. Bibi kwenye simu hasikii, ndiyo maana nimeandika. Mimi niliyeishia kidato cha pili nimeandika kurasa hizi zote, basi na wewe msomi usishindwe kuzisoma.

Bibi, nianze na sifa zangu, mengine yatafuata. Unajua trekta la mpinzani wangu, yaani marehemu Babu, lilivyokufa mikono ya nyuma msimu uliopita. Injini inanguruma vizuri, ila mikono haiwezi kuinua plau. Ukitaka kuitoa plau nyumbani mpaka shambani ni kuiburuta kama ng'ombe aliyekufa. Ndiyo maana mwaka jana shamba lako lilibaki majani. Nasri wa gereji alitafuta vipuri mpaka Iringa, akakosa. Trekta lile limemzidi umri.

Mimi nikasema, kama haliwezi kubeba, basi livute. Nikaitengenezea plau magurudumu yake yenyewe, iwe kama tela. Nasri alikuwa na ekseli ya lori dogo imelala gerejini, nikamfanyia kazi mwezi mzima akanipa. Nikaifunga chini ya plau, hapo hapo nyuma ya jiko la Mama. Mbele nikachomelea ulimi mrefu wenye tundu la pini, juu nikasimika jeki. Ukipiga jeki, sahani za kulimia zinapanda unasafiri. Ukiilegeza, zinashuka zinakula udongo. Sikuchora mahali popote, yote yalitoka kichwani.

Siku ya kuijaribu barabarani watu wa stendi waliacha biashara zao wakaja kuangalia. Ilifuata trekta taratibu kama bibi harusi anayesindikizwa. Dereva mmoja wa malori akauliza imetoka nchi gani. Nikamwambia imetoka jikoni kwa Mama.

Sasa sikiliza, Bibi. Na Gloria usiharakishe hapa.

Nasri alinionya mapema. "Dogo, ekseli hiyo ni ndefu mno. Chukua hii fupi ya pikapu."

"Ya pikapu ni ya kubebea nyanya," nikamjibu. "Mimi nataka kitu kisichopinduka."

Akacheka, akaendelea na kazi yake. Kichwani mwangu nilikuwa nawaza ile njia tuliyoizoea, ya kushukia mferejini ukiwa mkavu na kupandia ng'ambo kwenye shamba lako. Tangu nizaliwe matrekta yanayovuta vitu yanapita pale. Darajani hakuna anayepita na plau, kwa sababu maji yanapofunguliwa kila mtu wa ng'ambo ameshalima. Basi nilipima kila kitu, mpaka unene wa pini. Daraja sikulipima.

Kazi ikachukua siku nyingi kuliko nilivyowatangazia watu. Umeme ukawa unakatika, chuma kinapoa nusu. Nilimaliza Jumanne jioni. Maji yalifunguliwa Jumatatu.

Jumatano asubuhi nikaenda darajani. Trekta likapita, likabakiza kiganja kimoja kila upande. Plau ikagoma. Magurudumu yamezidi kingo za daraja huku na huku, na mimi niko katikati. Nyuma yangu akina mama wamepanga mstari na mafurushi ya miche ya mpunga kichwani. Mmoja wao akasema, "Mwanangu, umeoa mke asiyeingia mlangoni." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sikujua la kufanya.

Sheria ya mfereji unaijua kuliko mimi, ulikuwepo ilipotungwa. Shamba likikaa bila kulimwa misimu miwili mfululizo, na zamu ya maji ikalikuta bado ni majani, anapewa anayefuata kwenye daftari la kamati. Zamu yetu ilikuwa inaanza Jumamosi.

Nikairudisha plau gerejini, Nasri akaanza kuikata ekseli ipungue. Ikakaa kombo, akakata tena. Matrekta ya watu yote yalikuwa na kazi, basi mimi na Mama tukashika majembe ya mkono. Nilimkataza kwa ajili ya kifua chake, akaniambia ninyamaze nilime. Alhamisi na Ijumaa tulilima mpaka giza, tukafikisha robo ya shamba, nayo ukiipima kwa huruma.

Jumamosi mwenyekiti Anyitike akaja na kamati yake. Wakazunguka shamba lote. Ni mtu mzuri yule, Bibi, usimlaani. Alivua kofia akaniambia, "Mjukuu, robo siyo shamba. Nikikuachia wewe, itabidi niwaachie wote."

Bibi, shamba lako limeondoka. Nimezunguka kurasa zote hizi nikitafuta jinsi ya kuliandika hilo, sijaipata.

Kuna jingine ambalo Mama hataki ulijue, lakini mimi siwezi kukuficha. Mwezi wa kumi na mbili Anyitike huyo huyo alipita nyumbani. Akasema trekta la Mjomba Sifaeli lina nafasi siku mbili, nimwombe alilime la kwako kwanza, plau yangu isubiri. Nilikuwa nimekaa na vijana wenzangu. Nikamjibu, "Mwenye trekta hakodi trekta." Vijana wakacheka, nikajiona nimesema jambo kubwa. Mzee hakurudia tena. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema daraja, daraja nalisingizia tu. Ulikuwa mdomo wangu.

Nimekwenda kwake mara mbili tangu siku ile. Mara ya pili alinipa kiti na chai, na jibu lile lile. Jina letu ameliandika upya mwisho wa daftari, juu yake kuna majina arobaini na moja. Kwa mwaka hutoka shamba moja, au lisitoke hata hilo. Gloria, wewe mtu wa chuo, piga hesabu umwambie Bibi. Au usimwambie.

Aliyepewa ni Ambokile, yule aliyekuwa akilima vipande vya kukodi kule chini kwenye mchanga. Ana watoto wanne na hajawahi kuwa na shamba lake. Ningependa kumchukia, hanipi nafasi. Jumatatu alisimama mlangoni kwetu, hakuingia.

"Kaka, nasikia plau yako sasa inapita darajani," akasema. "Matrekta mengine yote yana watu. Nisaidie kabla zamu haijaisha."

Mama akainuka akaingia ndani. Mimi nikakaa naangalia ndala zake zilivyoisha kisigino. Halafu nikaenda kuwasha trekta.

Bibi, inalima. Ilipita darajani bila kugusa ukingo. Nililegeza jeki, sahani zikashika, udongo ukageuka mweusi mistari mirefu, na trekta wala halikulia. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza shamba lote. Ungekuwa pale ungenisifu mwenyewe, na unavyobana sifa.

Pale kwenye kichuguu ulipokuwa ukikaa kuwinga ndege wasile mpunga, nilikwepa nikazunguka. Nikakwepa na mzunguko wa pili. Ambokile akapiga mluzi, akanionyesha kwa mkono nipitishe tu, mpunga upate nafasi. Nikamwangalia kama amekosea. Hakukosea, lilikuwa shamba lake. Nikapitisha.

Najua ulishapanga kuja mwezi wa sita kula mchele mpya. Mchele huo hautakuwepo. Ukitaka kuja njoo kuniona mimi, ingawa nikijitazama sijioni kuwa sababu ya kumpandisha mtu basi na miguu inauma.

Msalimie Shangazi Atupele, mwambie mikono yake ya kukukanda isichoke. Wasalimie na majirani wanaokuuliza habari za mumeo. Mama anakusalimu sana, hajui kwamba nimekuandikia yote. Gloria, asante kwa kusoma, sasa mkunjie Bibi barua yake na umletee maji ya kunywa.

Mungu akutunze, akupe usingizi usiku wa siku utakayoipata barua hii.

Ni mimi mumeo mdogo, nikupendaye hata kama utanijibu kwa matusi,

Jofrey